Streptokinasi au tenekteplasi kwa mshtuko wa moyo?

Dawa hizi mbili za kuyeyusha bonge la damu huamsha plasminojeni, protini iliyomo kwenye damu, iwe plasmini, kimeng'enya kinachokatakata nyuzi za fibrini zinazoshikilia bonge la damu. Streptokinasi, itokanayo na bakteria, ni nafuu, ila huamsha plasminojeni mwilini kote, si kwenye bonge tu: yuniti milioni 1.5 kwa dripu ya dakika 30 hadi 60. Presha ikishuka, punguza kasi ya dripu. Isirudiwe baadaye, maana kingamwili zitaipinga.

Tenekteplasi hung'ang'ania fibrini yenyewe. Ni sindano moja ya mshipani, sekunde 5 hadi 10, miligramu 30 hadi 50 kulingana na uzito. Ikikutana na dekstrosi (maji ya sukari) kwenye mpira wa dripu hufanya chembechembe. Suuza kwanza kwa salaini. Ikiwepo, ndiyo ya kuchagua. Isipokuwepo, usiisubiri: misuli ya moyo inakufa kila dakika.