Land Rover 109 ya shamba imerudi barabarani: gereji niliyoitumia Tabora

Watu wengi wananiuliza kama kufufua Land Rover 109 (namba ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) bado kunalipa, au bora kununua Canter ya mtumba na kuachana na kisirani. Mimi nimefufua, kwenye gereji moja ya Ipuli hapa Tabora. Jina lao naliacha kwa sababu nina sifa na lawama pia.

Gari lenyewe ni Series III ya dizeli, pikapu, toleo lililotengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985. Mzee alilinunua kwa wamisheni, likabeba mbolea na tumbaku Sikonge mpaka likachoka, likaegeshwa chini ya mwembe. Kuku wakahamia kwenye kiti cha dereva. Kwa mbali ungesema gari zima, maana bati la bodi ni aluminiamu, halishiki kutu nyekundu. Chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari, ni chuma kilichoundwa kama boksi lenye uwazi ndani, na kutu yake inaanzia humo ndani, mahali ambapo macho hayafiki.

Hapo ndipo gereji hii ilinikamata. Nilitegemea wakimbilie injini, maana mteja akisikia gari limewaka anafungua pochi mwenyewe. Fundi mkuu, ambaye vijana wote pale wanamwita Mjomba, hata boneti hakuifungua. Alilala chini na nyundo ndogo akaigonga chesisi kipande kwa kipande huku anasikiliza, akiweka alama ya chaki kila mlio ulipokufa. Alipotoka akaniambia, "Bosi, injini itawaka tu. Ila hapa mbolea imekula." Ukifikiria, ana haki. Mbolea zetu, NPK 10-18-24 ya tumbaku na CAN, zote zina chumvichumvi. Mfuko ukipasuka, chembe zinadondokea kwenye matundu ya chesisi, zinavuta unyevu, na chuma kinatafunwa polepole masika hadi masika. Boriti ya nyuma ilikuwa imebaki rangi na udongo.

Kuna mafundi wanaobandika kiraka juu ya kutu. Huyu alikata mpaka akafika kwenye chuma kizima ndipo akachomelea, akaacha matundu ya kutolea maji, akamalizia kwa kupuliza oili chafu ndani. Kazi ya chesisi ilinitoka pesa nyingi kuliko injini, na ndiyo ningelipa tena bila kubishana.

Kuhusu injini, kila aliyepita pale gereji alikuwa na ushauri: toa hiyo, weka injini ya dizeli ya 3L ya Toyota au TD27 ya Nissan. Si ushauri mbaya. Spea zake ziko kila duka na gari linapata mbio. Lakini lazima uchongeshe adapta ya giaboksi, utengeneze maundingi (vishikizo vya injini) upya, halafu uhangaike na kadi ya gari kwa sababu namba ya injini imebadilika. Yangu ya asili ni ya cc 2286, nguvu za farasi kama 62. Kwenye lami ya kwenda Sikonge mabasi yananipita yote. Shambani kwenye mchanga, ukiweka gia nzito, inatembea na mzigo bila kelele. Mjomba hakunilazimisha upande wowote, na hilo nimempa alama. Walifungua, ringi zilikuwa zimeganda ila silinda hazikuwa na michubuko. Ringi mpya, gasketi ya hedi, valvu zikasagwa, basi.

Pampu ya dizeli ilikwenda Mwanza kwa basi pamoja na nozeli, kupimwa kwenye mashine. Ni pampu ya mzunguko ya kampuni ya CAV, inalainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo ikikaa kavu muda mrefu sili zake zinakakamaa. Piga picha ya namba za pampu kabla haijaondoka mkononi mwako, isije ikabadilishwa. Yangu ilirudi ileile.

Breki nazo walizijua. Magurudumu ya mbele ya 109 yana silinda mbili kila moja, na ukitoa upepo kwa njia ya kawaida pedali inabaki laini hata umalize chupa nzima ya mafuta. Kijana wa pale alikaza kwanza viatu vya breki mpaka vikagusa dramu, akatoa upepo, ndipo akavilegeza. Pedali ikasimama juu.

Sasa lawama. Umeme hawauwezi. Plagi za kupasha moto injini kabla ya kuwasha kwenye dizeli hizi za zamani zimeunganishwa kwa mfululizo, kama taa za mapambo: moja ikifa zote zinazima. Fundi wao alibadilisha betri, akabadilisha stata, akanihesabia pesa ya vyote, na asubuhi za Julai gari bado halikuwaka bila kusukumwa. Nililipeleka kwa fundi umeme mwingine karibu na stendi, akaweka plagi za kisasa, kila moja na waya wake, na fyuzi ambazo hazikuwepo kabisa. Stata yangu ya zamani nilidai nikarudishiwa, ilikuwa nzima. Rangi pia waliipuliza juu ya vumbi. Kwa gari la mbolea sikujali.

Na "kesho" yao si kesho yako. Lipa kwa hatua, chesisi ikiisha lipa ya chesisi.

Mwenye gari lililolala asiogope deni la leseni ya mwaka: ada ile ilifutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta. Mimi nilihitaji bima na ukaguzi wa trafiki tu, na trafiki aliyenikagua alitumia muda mwingi kuhadithia 109 ya baba yake kuliko kuangalia tairi.

Nawapa nne kati ya tano kwa chesisi, injini na breki, moja kwa umeme. Gia ya tatu bado inaruka ukiachia mafuta kwenye mteremko. Giaboksi itafunguliwa na Mjomba huyohuyo spea ikifika kutoka Gerezani, Dar. Kwa sasa gia hiyo naishikilia kwa mkono.