Sellwood Riverfront, Portland: mto mzuri, ufuko mzuri, na bwana mmoja aliyetuharibia siku

Bustani ya Sellwood Riverfront, iliyo ukingoni mwa mto Willamette katika jiji la Portland, Oregon, inamfaa mwenye kayaki na inamfaa mwenye mbwa, na hata hivyo siwezi kumshauri mtu ampeleke mzazi wake pale Jumamosi alasiri kabla hajasoma yaliyotupata. Habari za maegesho, vyoo na saa za kufunguliwa mtazipata kwingine. Mimi nina jambo moja la kueleza, na nimengoja hasira zipungue ili nilieleze vizuri, lakini naona hazipungui.

Kiangazi kilichopita nilikuwa na mgeni, shangazi yangu, dada wa marehemu baba. Amezaliwa na kukulia Pangani, mahali ambapo mto unamwaga maji yake baharini mbele ya mji na watu huvuka kila siku kwenda Bweni, kwa hiyo kafi amelishika tangu utotoni. Ni mtu mzima sasa, magoti yanamsumbua, na alikuwa amechoka kukaa ndani akitazama magari yakipita. Aliponiuliza kama huku kwetu kuna mto, nilifurahi sana. Jirani akatuazima kayaki mbili, majaketi ya kuokoa maisha na filimbi, vitu ambavyo sheria ya Oregon inavidai chomboni hata kama mto umelala kimya.

Najua wenzetu wengi wanaoishi hapa hawataki hata kuyagusa maji ya Willamette kwa sababu ya sifa yake ya zamani. Sifa hiyo ilikuwa na msingi, kwa kuwa mvua ilipokuwa ikinyesha maji taka ya jiji yalifurika na kuingia mtoni. Lakini tangu mradi wa mabomba makubwa ya chini ya ardhi ukamilike mwaka 2011, jambo hilo limekuwa la nadra. Siku hizi cha kuangaliwa zaidi ni mwani wa kijani-buluu wenye sumu, ambao huweza kuzuka wakati wa joto kali, hasa katika maji yaliyotuama ya ghuba ya Ross Island, kisiwa kilicho katikati ya mto huu. Wenye mbwa ndio wanaopaswa kuwa makini zaidi, maana mbwa huyanywa maji anayoogelea na hujilamba manyoya akitoka. Kabla ya kuondoka nyumbani niliangalia, na siku hiyo hapakuwa na tahadhari yoyote.

Tulipofika ufukoni, shangazi alisimama akautazama mstari wa unyevu kwenye mchanga, kisha akasema, "Mwanangu, mto huu unakupwa na kujaa." Bahari iko mbali, zaidi ya kilomita 150 kwa kufuata mto, na bado alikuwa amesema kweli: nguvu ya maji ya bahari hupanda kupitia mto Columbia, ikaingia Willamette na kufika hadi kwenye maporomoko ya Oregon City. Nimeishi na watu waliopita kando ya mto huu kwa miaka mingi bila kuliona hilo. Yeye alilitambua kabla hajavua viatu, na laiti siku ingeendelea hivyo, leo ningekuwa naandika sifa tupu.

Nikamsaidia kukaa katika kayaki, ambayo nusu yake ilikuwa mchangani na nusu majini, nikampa kafi, nikageuka kuchukua ya kwangu. Hapo ndipo mbwa mkubwa mweusi, ametoka kuogelea na analowa chapachapa, alipokuja mbio kwenye ufuko na kumrukia. Aliweka miguu ya mbele kifuani pake, akamlamba shingo na kanga aliyojifunika kichwani, na kayaki ikalala upande. Maji yakamwingia shangazi hadi kiunoni. Kafi likamponyoka na kuchukuliwa na mkondo. Hakupiga kelele, alijifunika uso kwa mikono miwili, na mimi sitausahau ule mkao wake.

Mwenye mbwa alikuja akitembea taratibu, kamba ikining'inia shingoni mwake kama shali. Maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Msijali, ni mpole sana, anapenda watu." Nilimwomba kwa adabu amfunge mbwa wake, nikamweleza kwamba huyu ni mama mzee na kwamba hapa tulipo si sehemu ya mbwa kuachwa huru. Akanitazama, kisha akajibu, "Kama mnaogopa mbwa, kwa nini mmekuja kwenye bustani ya mbwa?" Akapiga mluzi, akaondoka. Hakumtazama shangazi hata mara moja, wala hakumpa pole.

Nimelirudia swali lake kichwani mara nyingi, na kila nikilirudia naliona ni baya zaidi. Hii si bustani ya mbwa. Ni bustani ya watu wote yenye eneo ambalo mbwa wanaruhusiwa kuachwa bila kamba, na nje ya eneo hilo kanuni ya jiji ni kwamba mbwa awe amefungwa. Eneo lenyewe halina uzio, kwa hiyo mpaka wake unalindwa na uungwana wa wenye mbwa pekee, na wengi wao, lazima nikiri, wanaulinda. Mimi sina ugomvi na mbwa. Niliichagua bustani hii kwa makusudi kwa sababu mbwa wana mahali pao pa kukimbia na sisi tuna ufuko wetu wa kushushia vyombo, na niliona huo ni mpango wa haki kwa kila mmoja.

Isitoshe, upole wa mbwa haukuwa hoja. Shangazi ni mtu wa swala tano, na kwa sisi wa pwani tunaofuata madhehebu ya Shafii, nguo iliyopata mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Tulikuwa tumepanga kuswali alasiri pale pale kwenye nyasi, chini ya miti, na mswala nilikuwa nao begani. Simdai yule bwana aijue fikihi yetu. Namdai ajue kwamba mtu asiyemfahamu anaweza kuwa na sababu zake za kutotaka kurukiwa na mnyama, na kwamba sababu hizo hazihitaji kuelezwa kwanza ndipo aishike kamba.

Binti mmoja aliyekuwa majini na kayaki yake alilifuata kafi, akalirudisha, akamwomba shangazi radhi kwa kosa lisilo lake. Nilidhani tutarudi nyumbani. Shangazi akasema nguo zimekwisha kulowa, basi na tuende, na tukaenda. Tulifuata maji kuelekea kaskazini hadi mlango wa Holgate, kati ya Ross Island na ukingo wa mashariki, ambako mashua za injini zinatakiwa kwenda polepole zisilete mawimbi. Korongo mkubwa wa buluu, ambaye Portland ilimteua kuwa ndege wake rasmi mwaka 1986, alisimama karibu nasi bila kuruka. Shangazi alikuwa mbele yangu wakati wote, kafi lake halipigi kelele, na kwa muda ule nilikuwa tayari kuipa bustani hii nyota tano na kumsahau yule mtu kabisa.

Kisha tukarudi ufukoni, nikamwona palepale, mbwa yuko huru vilevile, anamrushia mpira majini katikati ya watoto waliokuwa wakishusha kayaki. Nyota mbili zikaniondokea papo hapo. Usiku ule shangazi alichukua udongo kwenye chungu changu cha mrehani, akaiosha kanga yake mwenyewe, akakataa nimsaidie.

Kwa hiyo naandika nyota tatu, ingawa shangazi anasema ninaudhulumu mto. Mwenye kayaki aende siku za kazi asubuhi, aanze kwa kupanda dhidi ya mkondo wakati mikono bado ina nguvu, na mwenye mgeni mzee amshike mkono hadi chombo kielee. Wakiweka uzio kwenye eneo la mbwa nitabadilisha maoni yangu siku hiyo hiyo. Yule bwana mimi hanidai neno wala simdai; aliyestahili kuombwa radhi ni shangazi, naye bado hajaombwa.