Mota ya geti imekufa: ununue ipi?

Kabla hujatoa hela, chukua ule ufunguo wa mota, legeza gia ili geti liwe huru, kisha lisukume kwa mkono mmoja kutoka mwanzo wa reli hadi mwisho. Likikwama, likikwaruza au ukalazimika kulitia bega, tatizo halijaanzia kwenye mota. Tazama beringi za magurudumu, mchanga kwenye reli, na kama geti lenyewe limepinda. Mota mpya ukiifunga hapo itaungua kama ya zamani. Nimefunga mota Dar es Salaam kwa miaka mingi, na nyumba nyingine nimekuta mota ya tatu inavuta magurudumu yaleyale yaliyowekwa siku geti linachomelewa. Inaniuma, maana magurudumu ni bei ndogo sana ukilinganisha na mota.

Angalia na betri. Mota nyingi za volti 12 huendeshwa na betri muda wote. Umeme wa ukutani kazi yake ni kuichaji tu. Betri ikichoka, geti hugoma hata kama taa zote za nyumba zinawaka, na mwenye nyumba anaamini mota imekwisha. Betri hizi hudumu kama miaka 2 au 3, na joto la ndani ya boksi huziua mapema. Kama mota yako ni ya volti 220 na inavuma bila kuzunguka, mwambie fundi apime kapasita kwanza, kile kifaa kinachoipa mota msukumo wa kuanza kuzunguka.

Vyote vikiwa vizima na geti bado limegoma, basi tununue. Mimi hupanga mota kwa maswali mawili: umeme ukikatika saa tano usiku utaingiaje ndani, na bodi, yaani saketi ya umeme inayoongoza mota, ikiungua mwakani utaipata mjini au itabidi uagize nje?

Namba moja kwangu ni Centurion ya Afrika Kusini. D5-Evo ni ya geti la hadi kilo 500, D10 ni ya hadi tani moja. Betri inakaa ndani ya mota yenyewe, kwa hiyo umeme ukikatika geti linaendelea kufunguka kama kawaida, na mafundi wengi wanaifahamu. Ila usiisahau betri yake, na ziba matundu ya nyaya vizuri. Sisimizi na mijusi wanapenda joto la ile bodi, na mjusi mmoja akikauka juu yake anatosha kuiunguza.

Namba mbili ni Nice Robus ya Italia, ya volti 24. Majina yake yanakutajia kilo: RB400, RB600, RB1000. Inatembea kwa utulivu na kupunguza mwendo kabla ya kugota. Nimeiweka ya pili kwa sababu moja tu, betri yake huuzwa kando, na muuzaji asipoulizwa mara nyingi hasemi. Nyumba yenye inveta au sola ya kutosha, sina ubishi, ichukue iwe ya kwanza.

Tatu ni mota za volti 220 zisizo na betri, kama FAAC 740 ya kilo 500 na 741 ya kilo 900. Zina nguvu, na zinafaa gereji au jengo la wapangaji lenye jenereta. Kwa mama anayerudi peke yake usiku mtaa ukiwa gizani, siipendekezi.

Za mwisho ni zile zisizo na jina. Kibandiko kinasema kilo 1,000, ukiifungua unakuta gia ya plastiki. Kibaya zaidi ni rimoti zake: nyingi hutuma kodi (namba ya siri ya kufungulia) ileile siku zote, na mchonga funguo wa barabarani anainakili kwa dakika moja. Uliyemwazimisha gari lenye rimoti jana anaweza kurudi kesho. Mota yoyote utakayochagua, dai rimoti ambayo kodi yake hubadilika kila unapobonyeza.

Kuhusu kilo, usinunue kwa kubana. Geti la kilo 350 lipe mota ya 500, kwa sababu upepo wa pwani ukilipiga geti la bati zima, linakuwa zito kuliko mizani inavyosema. Meno ya chuma yaliyopo getini huenda yakabaki, kwani mota nyingi za nyumbani hutumia ukubwa mmoja, moduli 4. Fundi aache nafasi ya kama milimita 2 kati ya meno na gia, ili uzito wa geti ukae kwenye magurudumu.

Halafu usikubali kuondolewa macho ya usalama, yale yanayosimamisha geti kitu kikipita mbele yake, ili bei ishuke, wala stopa za chuma mwisho wa reli. Geti linalotoka kwenye reli huanguka lote kwa mara moja, na watoto hucheza papo hapo.

Kabla hujamlipa fundi, simama naye getini. Geti likiwa linafunga, pitisha ufagio mbele ya macho. Lisiposimama na kurudi, kazi haijaisha. Kisha, kama mota ina betri, zima swichi kuu ya nyumba, na ulifungue na kulifunga kwa rimoti mara kumi yeye akiwepo.