Akaunti ya pili kwenye Windows 11: ijaribu kabla hujapiga window upya

Karibuni tena. Leo sina boksi la kufungua. Bidhaa ninayoichambua mnayo tayari, haina bei: akaunti ya pili ya mtumiaji kwenye Windows 11.

Laptopu imekuwa nzito, au programu inafunguka na kujifunga. Ukienda kwa fundi, mara nyingi utasikia "tupige window upya," yaani kusakinisha Windows upya. Ngoja kwanza. Kila mtumiaji ana folda yake kwenye C, ndani ya Users. Humo mna mipangilio yako, viongezi vya kivinjari na takataka zote za AppData, folda iliyofichwa ambamo programu huweka data zake. Hata sehemu ya rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) inayokuhusu wewe ina faili lake humo, NTUSER.DAT. Akaunti mpya inaanza bila hayo yote. Draiva (programu zinazoendesha vifaa vya mashine), diski, RAM na antivairasi, hizo akaunti zote mbili zinachangia.

Kwa hiyo tatizo lisipoonekana kule, mchawi yumo kwenye vitu vyako. Likikufuata, kagua draiva, diski, joto la mashine.

Ingia Settings, Accounts, Other users, bonyeza Add account. Hapa Microsoft wananikera: wanakung'ang'ania uweke barua pepe. Chagua kwamba huna taarifa za mtu huyo, kisha chagua kuongeza mtumiaji bila akaunti ya Microsoft. Mpe jina, Jaribio linatosha.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu wanapojidanganya. Kabla ya kuhamia Jaribio, bonyeza Sign out. Ukibadilisha mtumiaji tu, programu zako zinaendelea kula RAM kwa nyuma na jaribio lote limeharibika. Halafu kuingia mara ya kwanza huchukua muda, Windows inaandaa folda mpya. Usiseme "mbona nzito vilevile". Iache itulie, zima, washa, ndiyo upime. Na tafadhali, usiingize akaunti yako ya Google kwenye Chrome ya huko! Usawazishaji utakuletea viongezi vyako vyote, pamoja na kile kibovu.

Udhaifu? Inakuonyesha upande wa tatizo, haikutajii jina lake. Na mashine inayoganda mara moja moja itakutesa. Itabidi ufanyie kazi zako huko Jaribio kwa siku kadhaa ndipo uamini kitu.

Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Folda ya mtumiaji ikiharibika, unaweza kushindwa hata kuingia, na akaunti hii ya pili ndiyo mlango wako wa akiba. Ndiyo maana nasema itengenezeni leo, mashine ikiwa nzima, muipe nywila na uwezo wa administrator. Kwa kazi hiyo peke yake naipa tisa kwa kumi.

Wenye Mac, mbinu ni ileile, mnaanzia Users & Groups. Na mkitaka kuifuta akaunti baadaye, hamisheni kwanza mafaili mliyohifadhi humo, kwa sababu Windows inayafuta pamoja nayo.