TAHADHARI: "Wakala" wa lokamu anayewatoza manesi wa Malindi na Watamu

Nesi uliyepata leseni juzi na unataka kuanza lokamu (kazi za zamu za muda), soma hili kabla hujatuma hata shilingi.

Matangazo yanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: manesi wanahitajika haraka, hospitali binafsi za Malindi na nyumba za wazee wa Kiitaliano kule Casuarina na Watamu, malipo kila jioni. Ukiuliza ni hospitali gani, unajibiwa "utaambiwa ukishasajiliwa". Kisha zinafuata ada: 1,500 ya fomu, 3,000 ya yunifomu, na nyingine ya kupimwa afya. Hakuna anayeuliza umewahi kushika wodi gani. Hapo tu pakushtue, maana wakala wa kweli lazima ajue kama unaweza leba au chumba cha upasuaji kabla hajakupeleka kwa mteja wake.

Kwa kawaida hospitali humlipa wakala kwa kila zamu, naye akakata kamisheni yake humo, wewe ukapata iliyobaki. Asiye na hospitali nyuma yake hana pa kupata pesa ila mfukoni mwako.

Kabla pesa hazijatoka, M-Pesa hukuonyesha jina la mpokeaji. Likiwa la mtu na si la kampuni, sitisha. Mtafute wakala huyo kwenye orodha ya waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA), halafu piga simu hospitali, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, uulize ofisi ya matroni kama wanamjua.

Leseni ndiyo inayouma zaidi. Picha yake pamoja na ya kitambulisho zinatosha kumwingiza asiye nesi kwenye zamu kwa jina lako, na akikosea dozi, atakayeitwa na Baraza la Wauguzi ni wewe. Cheti halisi usikiachie mtu. Nakala nayo iandike kwa kalamu, maandishi yapite katikati ya karatasi: kwa maombi ya kazi kwa fulani tu, na tarehe.

Wapo wajanja zaidi: kazi wanayo kweli, ila malipo ya zamu za mwanzo wanayashika wakiyaita dhamana, au kila ukiuliza hospitali "haijalipa". Hawa dawa yao ni karatasi ya zamu: tarehe, saa ya kuingia na kutoka, wodi, sahihi ya nesi msimamizi. Ipige picha kabla hujatoka wodini. Ukienda kwa ofisa wa kazi mikono mitupu, itakuwa neno lako na la wakala.

Ushatuma pesa? Peleka ujumbe ule wa M-Pesa kwa 456 papo hapo uombe zirudishwe; tapeli akishazitoa, hazirudi. Meseji za kitapeli zipeleke 333, ni bure. Kisha nenda kituo cha polisi na namba ya muamala, usitoke bila namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi). Kama leseni wanayo, liandikie Baraza siku hiyo hiyo, ukiitaja namba hiyo ya OB.