Kinyonga shambani: uzoefu wangu na kipima unyevu cha rangi tatu

Swali ninaloulizwa zaidi na wakulima wenzangu ni kama kifaa hiki kinaongeza mavuno. Chenyewe hakiongezi. Kilichoniongezea vitunguu ni mbolea: zamani ilikuwa inazama na maji chini ya mizizi, sasa inabaki pale mmea unapoifikia. Kifaa kilinionyesha tu inapopotelea.

Kinaitwa Chameleon, nasi tunakiita kinyonga. Kilibuniwa na CSIRO, shirika la utafiti la Australia. Kwetu Iringa si kigeni kabisa, maana mradi wa utafiti ulioanza 2013 ulikijaribu kwa wakulima wa skimu ya umwagiliaji ya Kiwere, na habari zikatufikia sisi wa skimu za jirani kwa mdomo.

Kina vichwa vidogo vyenye waya, kila kimoja unakifukia kwa kina chake. Vyangu viko sentimita 15, 30 na 45, kwa sababu mizizi ya kitunguu haiendi mbali. Ndani ya kichwa kuna nyaya mbili za umeme zilizozungukwa na jasi. Udongo ukilowa umeme unapita kwa urahisi, ukikauka unapita kwa shida. Unachomeka kisomaji, taa zinawaka: bluu udongo umelowa, kijani unyevu unatosha, nyekundu mmea umeanza kuhangaika. Namba hakuna. Mama yangu, ambaye hakupata kusoma, anazisoma taa hizo haraka kuliko mimi, na nikiwa mjini hunipigia simu: "Mwanangu, huku chini bado bluu, nisifungulie maji?"

Jambo moja wauzaji hawalielezi vizuri. Vipimo vingi vya unyevu vinakupa asilimia ya maji yaliyomo kwenye udongo, na asilimia ileile kwenye kichanga ni maji ya kutosha, kwenye mfinyanzi ni ukame. Kinyonga kinapima nguvu ambayo mzizi unahitaji ili kuvuta maji. Kwa hiyo nyekundu ni nyekundu popote, kwenye kinyungu cha bondeni au kwenye kichanga cha kule juu.

Kilichonishangaza ni taa ya chini kabisa. Juu ya tuta udongo umepasuka, vumbi tupu, na desturi ya skimu nzima ukiona hivyo ni kukimbilia mfereji. Ukichomeka kisomaji, ya juu nyekundu, ya katikati kijani, ya chini bluu imekaa wiki nzima haibadiliki. Maji yapo, tena mengi, na hayo ya chini hakuna mzizi unaoyanywa.

Hapo ndipo FullStop ilipokuja kukamilisha hadithi. Ni faneli ya plastiki inayofukiwa ardhini. Maji yakiteremka hadi pale, kiashirio kinachomoza juu. Unayavuta kwa bomba la sindano na kuchovya karatasi ya kupimia naitreti, yaani mbolea iliyoyeyuka kwenye maji; rangi ikikolea ndivyo ilivyo nyingi. Wiki kadhaa baada ya kutia urea nilivuta maji ya chini ya mizizi, karatasi ikageuka zambarau iliyokolea. Pesa ya mfuko mzima wa urea nimeishika kwenye sindano! Msimu uliofuata niligawa urea kidogokidogo, nikaacha kumwagilia hadi taa ya katikati iage bluu, karatasi ikabaki waridi hafifu. Vitunguu vilikomaa na shingo nyembamba, na kwenye kichanja vilioza vichache mno ukilinganisha na zamani.

Sasa lawama, na kubwa inauhusu mfereji kuliko kifaa. Maji yetu ni ya zamu. Zamu yangu ikifika na taa ni bluu, nikiyaacha yapite, huenda nyekundu ikawaka katikati ya zamu za wengine na hakuna wa kunisikiliza. Ndiyo maana watu humwagilia hata shamba likiwa tope: maji ya zamu hayaachwi. Tulikwama hapo hadi wenye mashamba ya mfereji wetu mdogo tulipokubaliana kubadilishana siku. Kama kwenu hamwezi kukubaliana hivyo, nakuambia kweli, utakuwa umenunua pambo.

Kufukia nako kunataka utulivu. Loweka vichwa kwanza, kisha koroga tope laini la udongo uleule ukizungushie kila kichwa pasibaki upenyo wa hewa. Kikiwa hakijagusana na udongo kitakuonyesha nyekundu wakati umesimama kwenye maji. Nyaya zipitishe ndani ya kipande cha bomba, kwa ajili ya panya na kwa ajili ya vibarua wa palizi, ambao jembe lao halichagui.

Kuna kisomaji kinachotuma rangi kwenye intaneti ili uone msimu mzima kwa michirizi. Kwetu mtandao unakuja na kuondoka, kwa hiyo natumia daftari la hesabu na penseli za rangi za mtoto: safu tatu, mraba mmoja kila ninaposoma. Inatosha kabisa. Jasi nayo inaliwa na maji taratibu, hivyo tegemea kubadilisha vichwa baada ya muda, na duka la pembejeo hapa halina; ni kuagiza na kungoja.

Kwa mahindi ya kungoja mvua sioni haja yake, maana huna bomba la kufungulia. Kwa vitunguu, nyanya au mahindi mabichi ya umwagiliaji ninakipendekeza, ila usinunue peke yako. Sisi tulichanga kikundi: kisomaji kimoja kinazunguka, vichwa kila mtu ana vyake, na asiye navyo anatazama taa za jirani mwenye udongo kama wake aliyepanda wiki ileile.