Kijitabu cha roketi na marusho: kizuri, ila majibu ya nyuma yahakiki

Kijitabu hiki cha fotokopi, kinachouzwa steshenari hapa Mtwara mjini, kinaanza na mchoro wa kani kabla ya hesabu. Safi. Swali la roketi ndilo tamu: tungamo kilo 2 (upungufu wa mafuta umepuuzwa), msukumo nyutoni 50, injini inawaka sekunde 4; roketi inafika juu kabisa mita ngapi? Wengi hugawa 50 kwa 2 moja kwa moja, wakapotea. Toa kwanza uzito, nyutoni 20 (kilo 2 mara 10, mvutano wa dunia). Zinabaki 30; gawa kwa 2, mchapuko (ongezeko la kasi kila sekunde) ni 15. Injini ikizimika, roketi iko mita 120 juu, lakini bado ina kasi ya mita 60 kwa sekunde, hivyo hupanda mita 180 zaidi. Majibu ya nyuma yameishia 120! Marusho ya pembe yamepewa kurasa mbili tu, na wino umefifia hadi sini na kosini hazitofautiani.